Mashua moja, kazi mbili: namna ya kuchagua mashua na skii za kuchezea mtoni



Ukurasa huu huwaambia kila mara habari za kofia ngumu, vumbi la mawe na maji safi ya kunywa. Leo tunasema juu ya mchezo. Vijana wa serkele wanataka kununua mashua ya moteri, ili siku ya Jumapili wateleze juu ya maji kwa mbao, mchezo unaoitwa skii. Wengine wameuona mchezo huu katika simu zao, wengine wameusikia kwa ndugu waliokaa kando ya ziwa Kivu au Tanganyika. Fedha zitakazonunua mashua ni michango ya watu wote, hata ya baba wa miaka 55 ambaye hatasimama kamwe juu ya skii. Kwa hiyo ni haki ya kila mmoja kujua kitu gani kinanunuliwa.

Mimi sipingi mchezo. Mtu aliyefanya kazi siku sita ndani ya shimo au mbele ya mashini anahitaji hewa na kicheko. Lakini nasema wazi: mashua inayofanya kazi Jumapili tu ni mashua ya tajiri. Sisi tutafute ile inayoweza kuvuta skii Jumapili, na usiku wa Jumatatu ikavusha mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mnaujua mji wa Kindu, umekatwa na Lualaba. Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto wa mto, Alunguli iko upande wa kuume. Mgonjwa anayetoka njia ya Kalima hufika kwanza Alunguli, na mto uko mbele yake. Usiku, kivuko kikiwa kimelala, anabaki na mtumbwi wa kasia na giza. Wasomaji wetu wa Tunda wana hospitali ya Wamethodisti karibu nao, na Lualaba iko mbali kwao. Lakini wao pia huja Kindu kwa kazi na kwa konje, na watoto wao watakuwa wa kwanza kuomba kupanda.

Kwanza mjue asili ya mchezo huu, maana ina somo ndani yake. Mwaka 1922, huko Minnesota katika Marekani, kijana wa miaka 18 aliyeitwa Ralph Samuelson alijaribu kusimama juu ya maji ya ziwa Pepin akivutwa na mashua iliyoendeshwa na kaka yake. Alianza na mbao za pipa, akazama. Akajaribu skii za theluji, akazama tena. Mwishoni alinunua mbao mbili za msonobari, ndefu futi 8, akachemsha ncha zake katika chungu cha shaba cha mama yake ili zikunjike kwenda juu, akafunga vipande vya ngozi pa kuingiza miguu. Tarehe 2 mwezi wa 7 alisimama. Basi, msikubali mwuzaji awaambie kwamba skii nzuri lazima iwe ya bei kubwa. Mwanzoni kinachomsimamisha mtu ni ubao mpana, ncha iliyoinuka, na mashua inayotoka haraka. Rangi zinazong'aa hazimsimamishi mtu.

MWILI WA MASHUA

Wengine wanauliza: kwa nini tusifunge moteri juu ya mtumbwi wetu mkubwa? Mtumbwi wa mti mmoja ni chombo chema. Unabeba mchele, mawese na watu, na babu zetu waliutumia kwa akili. Lakini ni mrefu na mwembamba. Mtu wa skii hafuati nyuma ya mashua kama gari la treni. Anakwenda kushoto, anakwenda kuume, na kila anapokwenda pembeni anavuta mkia wa chombo upande wake. Mtumbwi mwembamba ukivutwa hivyo wakati unapiga kona, unalala ubavu. Tena hauinuki juu ya maji. Unayakata tu kama kisu, na mtelezaji anakokotwa kifuani mpaka anachoka na kuachia kamba.

Mashua ya skii lazima ipande juu ya maji, yaani kifua chake kiinuke na chombo kikimbie juu ya uso wa mto. Hapo tazama chini yake. Chini ikiwa bapa kabisa, itapanda upesi hata kwa moteri ndogo, lakini inateleza pembeni katika kona, na upepo ukivuma inapiga mawimbi kama ngoma. Mgonjwa mwenye mfupa uliovunjika atalia njia nzima. Chini ikiwa na ncha kali sana, kama herufi V, itapasua mawimbi vizuri, lakini itadai moteri kubwa na esansi nyingi. Kwa mto wetu chagueni ya katikati: mbele V, na kuelekea nyuma inakuwa karibu bapa. Urefu mita 4.80 hadi 5.20, upana usiopungua mita 1.80. Ndogo kuliko hiyo haitafaa kwa mgonjwa na wasaidizi wake. Kubwa zaidi inafanya mawimbi makubwa nyuma yake, na mwanafunzi wa skii anaangushwa na mawimbi hayo.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu hawaulizwi. Siku ya kununua, chukueni machela kutoka dispanseri mwende nayo. Ilazeni ndani ya mashua. Machela ya kawaida ina urefu wa karibu mita 2. Mashua nyingi za mchezo zina viti vizuri vya sponji katikati, na machela hailali popote ila juu ya viti, na hapo mgonjwa yuko juu sana na chombo kinayumba. Takeni mashua yenye viti vya pembeni, au kiti cha katikati kinachofunguliwa kwa skurubu mbili. Machela ikilala chini sakafuni, na mtu mmoja akipata nafasi ya kupiga magoti karibu na kichwa cha mgonjwa, mashua hiyo inatufaa. Isipolala, rudini nyumbani na fedha zenu.

Juu ya mali iliyotengeneza mashua: mbao ni rahisi kwa fundi wetu, lakini hunywa maji na kuwa nzito mwaka hata mwaka. Fibra ni laini na nzuri kwa skii, ila ikigonga jiwe inapasuka, na dawa ya kuiziba haipatikani kila wakati Kindu. Aliminiumu ni nyepesi, ikigonga jiwe inabonyea, mara nyingi haipasuki. Mimi nachagua aliminiumu. Lualaba ina mawe. Wazee waliojenga reli ya Kindu hadi Kongolo, mwanzo wa karne ya 20, hawakuijenga kwa ajili ya uzuri. Waliijenga kwa sababu mto wa kusini ya Kindu una maporomoko na mawe yasiyoruhusu meli kupita. Hata katika sehemu njema, kutoka Kindu kushuka Ubundu, kuna mchanga na magogo ambayo mwaka huu yako hapa, mwaka ujao yako pale.

Tena mwulize mwuzaji: ikijaa maji, inaelea? Mashua nzuri ina vyumba vya hewa vilivyofungwa au sponji ngumu chini ya viti. Msiamini maneno. Ijazeni maji karibu na ukingo, bila moteri, mtazame. Kazi ya nusu saa tu.

MOTERI

Kwa mashua ya ukubwa huu, moteri ya nje yenye nguvu ya farasi 40 itamvuta kijana au mtu mwepesi juu ya skii mbili, ikiwa ndani kuna dereva na mwangalizi tu. Mtu wa kilo 90 itamwinua kwa shida. Farasi 60 inafaa zaidi kwa kazi zote mbili. Kwa kuteleza juu ya skii moja, kama wale wa sinema, watu hutafuta 75 au 90, na hapo naona tunaanza kuchoma mshahara. Moteri ya farasi 40 ya namna ya zamani, inayokunywa esansi iliyochanganywa na mafuta, ikikimbizwa kwa nguvu zote inaweza kumaliza lita 15 hadi 20 kwa saa. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe kwa bei ya esansi ya Kindu.

Shauri langu ni kununua moteri ambayo fundi wa hapa anaijua kama mkono wake. Katika maziwa na mito yetu Yamaha ya 40 inaonekana kila mahali, na vipuri vyake pia. Moteri ya ajabu isiyo na fundi ni pambo. Kwa zile zinazochanganywa mafuta, kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya mafuta kwa 50 za esansi, yaani bidoni ya lita 20 hupewa mililita 400. Someni kitabu cha moteri yenyewe, maana nyingine zina kipimo chao. Msikisie kwa chupa ya bia.

Pimeni pia urefu wa mguu wa moteri. Kuna mfupi, wa karibu sentimeta 38, na mrefu, wa karibu 51. Lazima ulingane na kimo cha ubao wa nyuma wa mashua. Mguu mfupi juu ya ubao mrefu unakamata hewa na kuzunguka bure. Mguu mrefu juu ya ubao mfupi unakokota maji na kugonga mchanga kabla ya wakati.

Halafu panga la moteri, lile linalozunguka majini. Wengi hawajui kwamba linabadilishwa kama gia. Panga lenye mkunjo mdogo linavuta kwa nguvu wakati wa kuondoka, lakini halikimbii sana. Lenye mkunjo mkubwa linakimbia, lakini linachelewa kumwinua mtu. Kwa skii na kwa mzigo wa wagonjwa, chukueni la mkunjo mdogo kidogo, na jingine muweke sandukuni. Kitabu cha moteri kinasema mizunguko mingapi inapaswa kufika. Isipofika, panga ni zito mno, ikipita, panga ni jepesi mno na moteri itachakaa.

Kuna kamba ndogo nyekundu inayofungwa kwenye mkono au mguu wa dereva. Dereva akianguka majini, kamba inang'oka na moteri inazimika. Nimeona madereva wameitundika shingoni kama mkufu, ncha nyingine haina kitu. Mashua isiyo na dereva huzunguka yenyewe na kurudi juu ya mtu aliye majini. Panga la moteri ninalijua kwa vidonda vyake: vinakuja vingi sambamba, kama mikato ya shoka, na damu haingoji kivuko.

Mahali pa kufungia kamba ya skii pawe katikati ya mashua. Moteri ya nje inazuia katikati, basi tumieni kamba fupi ya pembe mbili iliyofungwa katika pete mbili za nyuma, au mlingoti mfupi wa chuma uliofungwa imara sakafuni. Msifunge kamwe juu ya moteri yenyewe.

SKII NA KAMBA

Kwa serkele, nunueni jozi moja ya skii pana ya watu wazima, urefu wa karibu sentimeta 170, ya ile aina ambayo moja kati ya mbili ina nafasi ya mguu wa pili nyuma. Mwanafunzi ataanza na mbili. Atakayekuwa hodari ataacha moja na kuendelea na ile yenye nafasi mbili. Hivyo jozi moja inafundisha watu wote, na hakuna haja ya kununua skii ya tatu. Kwa watoto nunueni jozi fupi, karibu sentimeta 120, ambazo zimeunganishwa kwa kamba au kipande cha chuma ili miguu isiachane. Viatu vyake viwe vya mpira na viweze kupanuliwa na kufinywa. Kiatu kibane kiasi, lakini mtu akianguka mguu utoke. Kikikataa kutoka, goti au kifundo ndicho kitakachopinda. Mpira ukiwa mkavu, lowesheni kwa maji ya sabuni.

Kamba iwe ya kuelea, karibu mita 23, na mkono wa kushikia. Msitumie kamba ya nailoni ya kufungia boti. Nailoni inanyooka kama mpira, na ikikatika inarudi kwa hasira usoni mwa walio ndani. Mtu asiizungushe kamba mkononi wala asipitishe kichwa au mguu katika pembe ya kamba. Vidole vinabaki huko.

Mwendo: mtoto kilomita 20 hadi 25 kwa saa, mtu mzima anayejifunza 30 hadi 35. Mwanafunzi akae majini magoti kifuani, mikono imenyooka, ncha za skii nje ya maji, aache mashua imwinue. Anayejaribu kujiinua mwenyewe kwa mikono huanguka mara kumi. Ndani ya mashua wawe watu wawili daima: dereva anatazama mbele, mwangalizi anatazama nyuma. Mtu akianguka, mwangalizi anainua mkono, dereva anarudi polepole akimweka aliyeanguka upande wake wa usukani ili amwone, na kuzima moteri kabla ya kumshika. Kuzima kabisa, kuiacha inguruma hakutoshi. Wala mtu asikae juu ya ubao wa nyuma wakati moteri inanguruma, kwa ajili ya panga na kwa ajili ya moshi wake, ambao una sumu isiyo na harufu yake yenyewe na unaanza kwa kuumwa kichwa.

Neno moja kwa aibu kidogo, lakini ni la dispanseri. Mtu akianguka kwa mbio, akikaa juu ya maji, maji huingia kwa nguvu katika njia za chini na kupasua ndani. Kwa hiyo wanaume na wanawake wavae kaptula nene inayobana. Mama mwenye mimba asiteleze. Na mwenye sikio linalotoa usaha angoje mpaka lipone.

JILE SI MOJA

Mashua ya kazi mbili inahitaji jile za aina mbili. Jile ya skii ni nyembamba na inabana mwili, nguvu yake ya kuelea mara nyingi ni nyutoni 50. Inamsaidia mtu mwenye akili zake. Mtu aliyezimia haimgeuzi uso juu. Kwa kuvusha abiria na wagonjwa takeni zile zenye kola nyuma ya shingo, nyutoni 100 au 150, ambazo zimetengenezwa ili kumgeuza mtu akae chali. Hesabuni jile sawa na idadi ya watu wanaoruhusiwa kupanda, pamoja na ndogo za watoto. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 mashua Merdi ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaitazama kutoka ukingoni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na wengi walikufa karibu na nchi kavu. Msiseme mto ni mwembamba kuliko ziwa. Mahali ambapo jile hazijapatikana, bidoni tupu ya lita 20 iliyofungwa vizuri inashikilia mtu; wekeni kadhaa ndani, zimefungwa kamba.

MAJI YENYEWE

Kichocho cha tumbo kinajulikana Maniema tangu zamani. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wanaokaa penye majani na maji yaliyotulia ukingoni, na hutoka kwa wingi zaidi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane, yaani saa zile zile za mchezo. Vinaingia katika ngozi kwa dakika chache. Katikati ya mto, penye mkondo, hatari ni ndogo. Basi ondokeni kutoka katika gati ya mbao, mwingie majini kutoka mashuani, na kurudi mashuani; msisimame katika matope kungojea zamu. Baada ya wiki 6 hadi 8 njooni dispanseri na choo kipimwe. Dawa ipo, prazikanteli, na inapimwa kwa uzito wa mtu.

Kiboko na mamba mnawajua. Msiteleze alfajiri wala jioni, wala karibu na visiwa vya majani. Mwisho wa kiangazi maji yakipungua, dereva apite kwanza polepole bila mtelezaji, atafute mchanga na magogo. Mwulizeni mvuvi. Anajua kuliko ramani.

Aliyezama akitolewa majini, msimning'inize kwa miguu, msimkalie tumboni ili maji yatoke. Ni desturi niliyoikuta mahali pengi, nayo inapoteza dakika na kuleta matapishi kooni. Mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni pumzi 5 mdomo kwa mdomo. Asipopumua, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, pumzi 2, tena 30, tena 2, bila kuacha, mpaka apumue au mfike kwa munganga. Aliyezama kwanza amekosa hewa, ndiyo sababu tunaanza na pumzi. Hata akiamka na kucheka, alale hospitalini usiku ule; mapafu yaliyokunywa maji yanaweza kuchafuka baadaye.

Sasa juu ya ulinzi wa mashua, nimewaambia viongozi wa serkele pendekezo langu na ninaliandika hapa ili lijadiliwe katika mkutano. Ufunguo ulale dispanseri, na anayeuchukua aandike jina na saa. Bidoni moja ya esansi iliyochanganywa tayari, lita 20, ipakwe rangi nyekundu, ikae karibu na mlango pamoja na taa, machela na jile nne za kola. Bidoni hiyo si ya skii. Esansi ya mchezo ikiisha saa tisa ya Jumapili, mchezo umeisha saa tisa, hata kama mtoto wa nani hajapata zamu yake.